Nyumba Iliyojibu Hodi

Nilisikia ufagio kabla sijaona mtu. Nilikuwa kwenye ngazi za jengo la Ya Georgette, mtaa wa Etterbeek, hapa Brussels, ghorofa moja chini ya mlango wake, nimebeba sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitenge, na ule mkwaruzo ukanifikia kutoka juu: mfupi, mrefu, mfupi, kama mtu anayepumua kwa shida. Nikasimama. Nilijua ni binti yake anayefagia. Ya Georgette alikuwa amezikwa asubuhi ile, wanawake walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wamenawa mikono katika beseni lililowekwa mlangoni, na sasa, kama inavyofanywa kwetu Katanga, huko Kongo, ilikuwa ruhusa kugusa vumbi. Siku zote za kilio hakuna aliyefagia. Maganda ya karanga, nta ya mishumaa, makombo ya mkate, udongo wa viatu vya wote waliokuja kumlilia, vyote vililala pale vilipodondokea, maana nyumba ya marehemu ambaye hajazikwa haifagiwi; ukifagia, unamfukuza. Akishazikwa ndipo ufagio hutoka, na mlio wake ndio unaowaambia majirani kwamba kilio kimeisha. Niliketi kwenye ngazi na sufuria yangu magotini. Sikuweza kuingia mpaka mlio ule uliponyamaza.

Waliokuwa mle ndani walimjua Ya Georgette kwa mengi: kwa kwaya, kwa wazee aliowaogesha katika miaka yake ya mwisho ya kazi, kwa kicheko chake kilichotangulia mwili wake popote alipoingia. Hakuwa dada yangu wa damu. Nilimwita Ya kwa sababu alinizidi umri na kwa sababu mwaka mmoja tulikuwa na biashara, yeye na mimi, ya kusafisha nyumba ambazo wenyewe wameshindwa kulipa mkopo na benki imeziuza. Ulikuwa mwaka ule baada ya mabenki yenyewe kuyumba. Ya Georgette alikuwa amesafisha nyumba za watu wa Uccle, mtaa wa matajiri, kwa muda mrefu, na bibi mmoja kati ya mabosi wake, mke wa notaire, alimwambia kwamba ofisini kwa mumewe nyumba za namna hiyo zinarundikana na hakuna anayetaka kuzishika. Notaire, huku Ubelgiji, ndiye mwanasheria ambaye mauzo yote ya nyumba hupita mikononi mwake. Ya Georgette alikuja kwangu Jumapili moja, akaketi, akala kwanza, kisha akafuta vidole na kusema, "Solange, weye uko na français ya ku papier, ya kuandika. Miye niko na mikono. Bon. Tufungue kampuni."

"Lakini Ya Georgette, hizo ni nyumba za watu waliofukuzwa."

"Haiko siye tunabafukuza. Siye tunakuya nyuma. Muntu anaisha kuenda, kunabakia buchafu tu. Na buchafu haina mwenyewe."

Niliyashika maneno hayo mwaka mzima kama mtu anayeshika kitasa gizani. Nilikuwa kijana, nimeacha masomo katikati, na nilitaka sana kuwa mtu mwenye kadi yenye jina lake. Vifaa vyetu tulivikokota katika kile kikapu cha magurudumu wanachokwenda nacho sokoni mabibi wazee, ndoo ndani, vijiti vya mifagio vikichomoza nje, na abiria wa tramu walitupisha huku wakitutazama kama watu wanaohama na mali kidogo sana.

Ninapojaribu kuukumbuka mwaka ule hauji kwa mpangilio, vinakuja vyumba. Jiko la Uccle, pana kuliko chumba nilichopanga, bakuli la malimau juu ya meza na kila limau limevaa manyoya ya kijani. Chumba cha kulala Etterbeek ambamo mtu alitandika kitanda kabla ya kuondoka, akakaza shuka pembeni, akaupiga mto ngumi ili ufure, kama anayesubiri mgeni. Ya Georgette alisimama mbele ya kitanda kile muda mrefu, na alipolivua shuka alilikunja vizuri ingawa lilikuwa linakwenda jaani. Friji ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Umeme ulikuwa umekatwa kila nyumba, na friji iliyozimwa ikiwa na nyama hukufundisha kufumba mdomo. Hata hivyo tulikula humo humo, saa sita, kwa sababu njaa haijali harufu: bukari, yaani ugali wetu, ambao Ya Georgette aliuviringisha katika taulo ili usipoe, sombe ya majani ya muhogo, na pilipili aliyoisaga mwenyewe. Tulikula tumesimama dirishani. Hiyo ilikuwa sheria yake. Viti vya wenye nyumba hatukuvikalia hata kama vilikuwa vinangoja kutupwa.

Sheria yake nyingine ilikuwa hodi. Tulikuwa na funguo, nyumba ilikuwa tupu, karatasi ya ofisi ilisema tupu, lakini Ya Georgette aligonga kwa kifundo cha kidole, akasema "Hodi," akangoja kidogo, kisha ndipo akatia ufunguo. Nilimcheka. Nilimwambia siku moja majirani watadhani tuna wazimu. "Basi badhani," alisema. "Mama yako hakukufundisha kuingia mu nyumba ya batu?"

Karani wa notaire ndiye aliyetukabidhi kazi na ndiye aliyekuja kupokea funguo tukimaliza. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye adabu, anayefuta miwani yake kwa ncha ya tai. Nilimwogopa. Siku moja katika fleti ya Schaerbeek nilikuwa nimepiga magoti bafuni, na yeye ukumbini akiongea na mtu kwenye simu. Hakujua kwamba mlango uko wazi. "Unawajua watu hawa," alisema kwa Kifaransa chake laini, "namna wanavyoacha sakafu." Kisha akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anavyocheka kuhusu mvua. Fleti ile ilikuwa ya familia iliyoacha bango la ubatizo lenye jina la kwetu ukutani. Niliendelea kusugua. Nadhani sijaacha kusugua tangu siku ile.

Nyumba ninayotaka kuisema ilikuwa Schaerbeek pia, katika mtaa wa nyumba nyembamba zilizobanana, zenye mlango mmoja na ngazi za mawe mbele. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa baridi. Karani alikuwa ametuahidi kwamba tukiimaliza kabla ya yeye kuja alasiri, kazi zote za ofisi zingekuwa zetu, mwaka hadi mwaka, na mimi usiku wa kuamkia siku ile nililala nikichora kadi yetu kichwani. Ya Georgette akagonga.

"Hodi."

"Karibuni," nyumba ikajibu.

Kikapu kilinitoka mkononi na kushuka ngazi mbili.  Ya Georgette alitia ufunguo, akafungua polepole, tukaingia katika giza, maana mapazia ya mbao yalikuwa yameteremshwa yote. Sebule haikuwa na kiti wala meza. Katikati yake kulikuwa na godoro sakafuni, na juu ya godoro mama mmoja ameketi miguu amenyoosha, kitenge cheusi kichwani, simu mapajani. Mishumaa iliyoungua hadi mwisho ilikuwa imesimama katika visahani kuzunguka kuta. Palinuka nta, kahawa na watu wengi. Tulijua mara moja ni nini, bila kuuliza. Hivyo ndivyo mjane anavyoketi.

Ya Georgette alipiga magoti. "Pole, maman. Ni nani?"

"Bwana yangu. Papa Anselme." Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini hakulia. "Eko ku Lubumbashi sasa, mu sanduku. Mutoto yangu wa kwanza alienda naye. Billet ya ndege ilikuwa moja tu. Kesho ndio banamuzika."

"Maman, hii nyumba baliisha kuiuzisha."

"Minajua. Ni miye nilitia signature." Akamtazama Ya Georgette, kisha ndoo, kisha mimi mlangoni. "Na nyiye ndio ba kunettoyer, ba kusafisha. Niliwasikia ku ngazi. Minasema, angalau ni batu banapiga hodi."

Aliitwa Maman Philomène. Viti na vitanda mwanawe alikuwa ameshavipeleka katika gereji ya rafiki, wiki chache kabla baba yake hajafariki. Fungu moja la funguo lilikwenda kwa notaire, la pili alibaki nalo. Ya Georgette alimuuliza kama wamama wa kanisa wanajua. Hapo Maman Philomène alicheka, kicheko cha puani tu.

"Baliingia, bakaona hakuna hata kiti. Bakasema, ah, Maman Philomène anajua kupanga kilio, ametosha bintu byote inje mbele ya batu kuya. Courant ya umeme, nilibaambia compteur imekufa. Donc bananiletea bougies, hii mishumaa. Kila magaribi, bougies. Niko na bougies ya kutosha cathédrale muzima." Akaacha kucheka. "Bakiyua nyumba ilipotea, bataimba ile kwa kanisa mwaka muzima. Papa Anselme alikuwa diacre, shemasi. Aache azikwe kwanza na jina yake."

Wanawake hao walikesha naye kila usiku na kuondoka alfajiri kwenda kazini. Mchana alibaki peke yake na simu.

"Sitaki kubakia," alisema. "Miye minangoja tu téléphone ilie. Baniambie: maman, tumemuzika. Nitafunga godoro, nitaenda. Ni kesho, à midi, saa sita. Muko na roho, nyiye? Mubaombe ba notaire, tu mpaka kesho."

Ya Georgette alimpigia karani mara kadhaa, hakupokea. Alisimama akafunga vizuri koti lake. Akaniambia kwa sauti ya chini, karibu na mlango, "Nitaenda ku bureau, nimuone na macho. Tram haikawie. Weye ukae na maman. Usiguse kintu, Solange. Umesikia? Usiguse."

Nilisikia. Niliketi ukutani kando ya godoro. Maman Philomène aliniuliza natoka kitongoji gani cha Lubumbashi, nikamwambia, naye akasema alikuwa na shangazi huko, kisha akafumba macho, mkono juu ya simu. Katika ukimya ule nikaanza kuiona sakafu. Mwanga ulipenya katika mianya ya mapazia na kuangukia maganda ya karanga, karatasi za kufutia machozi, nyayo za matope zilizokaukia moja juu ya nyingine toka mlangoni hadi sebuleni. Lilikuwa vumbi la heshima. Kila unyayo ulikuwa mtu aliyekuja. Nilijua hivyo, siwezi kusema sikujua. Lakini nilimjua pia karani, na nilijua jicho lake litashukia wapi kwanza: sakafu, kisha mama yule, kisha mimi. Kichwani nilimwona akifuta miwani. Niliisikia ile sentensi yake laini. Na nilitaka, nadhani sijawahi kutaka kitu kwa nguvu kama hiyo, amkute mwenzetu katika nyumba ambayo hawezi kusema chochote juu yake.

Nilijipa ruhusa kidogo kidogo. Kwanza jikoni: jiko si mahali pa kilio, nikafunga mlango, nikafagia. Kisha ukumbi, maana ukumbi ndio atakaoupita. Niliwaza kwamba mambo haya ni ya kwetu, yalibaki kiwanja cha ndege. Niliwaza kwamba Papa Anselme hayupo hapa, yuko mbali ndani ya sanduku, ufagio wa Schaerbeek utamfikiaje. Nilisukuma takataka kuelekea mlango wa nje kama tunavyosukuma siku zote, nikazizoa katika mfuko mweusi, nikafunga mfuko. Nikafungua madirisha ya nyuma ili pakauke, nikapiga deki. Harufu ya sabuni ikajaa, na kwa dakika chache nilifurahi, furaha ile ya kazi, mikono inapokwenda yenyewe. Nilipogeuka Maman Philomène alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amesikia ufagio.

"Umefagia?"

"Ndiyo, maman. Jikoni tu."

"Na ku couloir."

"Na ukumbini."

"Ulisukuma inje?"

 Aliutazama mfuko mweusi karibu na mlango, jinsi nilivyoufunga fundo. Nilingoja anitukane. Nimengoja hadi leo, na kama angenitukana huenda ningekuwa nimeshasahau.

"Basi Papa Anselme amesikia," alisema.

Alirudi sebuleni. Nilimfuata nikisema maneno ambayo siyakumbuki, kuhusu karani, kuhusu heshima, kuhusu yeye mwenyewe, kwamba nilifanya kwa ajili yake. Alikuwa ameinama kwenye godoro. Aliinua ncha moja, akaishikilia juu, na kunitazama.

"Malizia. Nyumba haifagiwe nusu."

"Maman, tungoje. Ya Georgette anarudi. Pengine wamekubali."

"Fagia, mwanangu. Mukono yangu inachoka."

Nilifagia chini ya godoro huku ameliinua. Kulikuwa na ganda moja la karanga na kitufe cha shati. Aliokota kitufe yeye mwenyewe. Nilikwenda ukuta hadi ukuta, nikikwangua nta, nikikusanya visahani, na yeye alinipisha kila nilipopita bila kunitazama, kama mhudumu anayempisha mwenzake. Kisha alikwenda jikoni, akanawa mikono na uso katika maji baridi ya bomba, kama wanavyonawa waliotoka makaburini, akarudi, akaviringisha godoro na kulifunga kwa kitenge cheusi alichokivua kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Sikutarajia hilo.

Gari lilisimama nje. Ya Georgette aliingia kwanza, uso wake umefunguka, na nyuma yake karani, ambaye alifuta viatu vyake kwa makini ingawa hapakuwa na zulia la kufutia. Alikuwa amevua kofia. Alikwenda moja kwa moja kwa Maman Philomène na kumpa mkono, akamwambia pole kwa Kifaransa, akamwambia kwamba wanunuzi hawaji kabla ya Jumatatu, kwamba yeye leo hakufika hapa na hakuona mtu, na kwamba Madame akae hadi mumewe azikwe. Aliyasema haraka, amekuwa mwekundu masikioni. Kisha, kwa kuwa hakujua aendelee na nini, alitazama chini. "Na sakafu," alisema, "hakuna la kusema."

"Asante sana, monsieur," alijibu Maman Philomène. "Mais c'est fini."

Karani hakuelewa kimeisha nini. Alimgeukia Ya Georgette, na Ya Georgette hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ubao wa sakafu unaong'aa, halafu ufagio ukutani, halafu mfuko wenye fundo. Mwishowe mimi.  Hakusema lolote juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye, katika miezi michache tuliyoendelea kufanya kazi pamoja, wala katika miaka yote iliyofuata, ambamo alinialika kwenye kila kilio cha jamaa zetu wa Brussels na kila mara akanionyesha mahali pangu kwa kidevu: "Solange, weye ku sufuria." Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini sikupewa ufagio.

Siku ile Ya Georgette aliinama, akalitia godoro kwapani.

"Maman," alisema, "twende kwangu Etterbeek. Kwangu haiyafagiwa tangu dimanche, tangu juma ianze. Utakaa pale chini, téléphone italia, tutaisikia pamoja. Hakuna mwenye atashika ufagio mpaka baseme bamemuzika."

Maman Philomène alifikiri. "Na Papa Anselme, atayua njia ya kule?"

"Tutamuambia. Tutasema adresse ya kwangu mu gari, na sauti kubwa."

Karani alisema atawapeleka. Akatoka mbele kufungua gari. Mjane alipita ukumbini kwa hatua fupi, akiukanyaga unyevu wa deki yangu, simu katika mkono mmoja na kitufe katika mwingine, na alipofika kizingitini aligeuka. Hakuyatazama madirisha wala ngazi za kwenda juu, ambako yeye na mumewe walikuwa wamelala miaka yote ile. Alinitazama mimi.

"Asante kwa kazi, mutoto."

Ya Georgette alimfuata na godoro. Nilitaka kuwaita, nikainua mguu, na upepo ukaingia kwa madirisha ya nyuma, yale niliyoyafungua mwenyewe ili sakafu ikauke, ukapita jikoni, ukapita ukumbini, ukaufunga mlango nyuma yao.